Kizuka wa Taifa

Nchi hiyo ilikuwapo, na ingali ipo, kwa kuwa mpaka leo hakuna aliyeipa kibali cha kuondoka. Ni kisiwa, bahari pande zote, minazi mpaka ukingoni, na watu wake ni wapole. Upole wao umeandikwa kitabuni, ukurasa wa tatu, na kwa hiyo ni wa lazima.

Kitabu chenyewe kiliitwa Kitabu cha Vivutio. Kiliandikwa na mtaalamu mmoja aliyekaa kisiwani siku mbili, ya kwanza akiumwa tumbo, kisha kikapigwa chapa ng'ambo kwa karatasi ya kung'aa, nakala elfu arobaini. Kilipoteremshwa bandarini Wizara ikakifungua, ikaona kitabu na nchi havifanani. Waziri wa Vivutio akasema hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Kitabu kimeshapigwa chapa, lakini nchi bado inaweza kusahihishwa.

Ikasahihishwa. Kitabu kilitaja maporomoko ya maji ya Mtopepo, ambapo tangu dunia iumbwe hapajaporomoka ila mawe. Wakapandishwa watu arobaini juu ya jabali, kila mmoja na ndoo yake, na wageni wakifika hupigwa filimbi. Kitabu kilitaja magofu ya kale ya Kiongwe. Kiongwe palikuwa na skuli, na wazazi walikuwa wameiezeka mabati mapya mwaka ule ule. Mabati yakateremshwa, ukuta mmoja ukabomolewa kwa uangalifu mkubwa, na watoto wakaruhusiwa kuendelea kusoma humo humo mradi wasipaze sauti, maana magofu hayana kelele. Kitabu kilitaja pia Mhunzi wa Mwisho. Mhunzi alikuwapo, ila alikuwa na wana wawili waliokuwa wakiijua kazi vizuri kuliko yeye. Asubuhi moja walikuja watu wenye adabu, wakawaambia wale vijana wamepata uhamisho. Hawakuambiwa wa kwenda wapi. Tangu siku hiyo yule mzee ni wa mwisho kweli, na wageni husema kwamba ukimtazama machoni huhitaji hata kuelezwa.

Sheria ilikuwa fupi, nayo ilibandikwa kila duka na kila kituo cha polisi: Kilichoandikwa kitabuni sharti kiwepo, na kikiwepo kisikae kitupu.

*

Kivutio namba kumi na tisa kitabuni kilikuwa cha Bi Kazija, naye wakati huo hana habari.

Kitabu kilisema kwamba katika mji mkongwe, nyuma ya mlango wa nakshi, mgeni atamkuta kizuka. Kizuka, kama ijulikanavyo, ni mwanamke aliyefiwa na mume, akakaa ndani eda yake ya miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki, hatazamwi na wanaume wasiomhusu. Yule mtaalamu alilisikia neno hilo hotelini akadhani ni kazi ya kudumu, kama ulinzi wa lango. Wizara ikakagua milango yote ya nakshi, ikakuta taabu: waume wote wa nyumba hizo walikuwa hai na wazima.

Mume wa Bi Kazija aliitwa Fundi Shaame. Nusu ya milango ya mji ule ilitoka kwenye patasi yake. Siku ya sita ya Mfunguo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, akaletewa barua kwamba Wizara imetambua mchango wake, aje achukue cheti cha shukrani. Akavaa kanzu yake ya Idi akaenda. Akapewa cheti, akapigwa picha, akakaribishwa kahawa ya tangawizi. Alirudi nyumbani akitembea polepole, akamwambia mkewe kwamba kahawa ilikuwa nzuri ila ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni. Akakitundika cheti mwenyewe kwenye msumari. Kabla ya Alasiri alikuwa ameshakwenda kwa Mola wake. Daktari wa serikali aliandika kuwa ni uzee. Fundi Shaame alikuwa na miaka hamsini na moja.

Bi Kazija hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kutazama na kuweka. Akasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, akavaa nguo nyeupe, akaingia ndani. Wanawake hawafuati jeneza. Alilisikia likitoka mlangoni, akazisikia sauti za wanaume zikipungua mtaani mpaka zikapotea, na hapo hapo akaweka nadhiri: siku ya kutoka eda, kabla hajala, kabla hajamtembelea mtu, ataketi kichwani pa kaburi la mumewe amsomee Yasini. Hakutaka kitu kingine duniani.

Siku ya tatu, hitima haijamalizika, akaja Bwana Mahazi na kibao na misumari.

*

Bwana Mahazi alikuwa Afisa wa Vivutio Hai. Mtu mwembamba, mpole, kalamu tatu mfukoni, akikaa mtaa wa pili katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaamini fomu kama wengine wanavyoamini tiba. Mkewe Zulekha ndiye aliyemletea Bi Kazija uji kila asubuhi, bila kuambiwa na mtu, na akikaa naye kidogo akimchekesha, maana Zulekha angeweza kumchekesha hata mtu anayeng'olewa jino.

Kibao kikapigiliwa: Namba 19, Kizuka. Wageni wanaombwa wasimwongeleshe. Wageni wakaanza kuja makundi kwa makundi. Bi Kazija akatia pazia zito kati ya ukumbi na chumba chake, akasema yeye haonekani na mtu. Bwana Mahazi akaenda Wizarani, akarudi na suluhisho lililopigwa mihuri mitatu: wageni wataliona pazia, na mtembezaji akigonga ukuta mara mbili watamsikia kizuka akikohoa.

Bi Kazija akakataa kukohoa. Akasema kifua chake ni kizima, na uongo ni uongo hata ukiutoa kooni. Basi aliyekohoa ni Bi Msimu, ajuza wa jirani aliyekuwa akimfanyia usuhuba ndani, mwenye pumu ya miaka mingi, ambaye angekohoa hivyo hivyo hata pasingekuwa na serikali. Toleo la pili la kitabu likasema kikohozi hicho kina umri wa miaka mia tatu. Bi Msimu aliposomewa akasema, "Wamenipunja."

Siku zikaenda. Kila mwezi mpya Bi Msimu alipanda darini baada ya Magharibi kuutazama mwezi ukiandama, akashuka akimwambia mwenzake, umepita mmoja, imepita miwili, imepita mitatu. Eda ingekwisha siku ya kumi na sita ya Mfunguo Nane. Zulekha akawa ameshanunua udi wa siku hiyo.

Wizara nayo ilikuwa inahesabu.

Mfunguo Saba ukafika siku ya ishirini na tisa, watu wakasubiri tangazo la mwezi redioni. Redio ikasema mwezi haujaonekana. Siku ya thelathini ikasema haujaonekana. Siku ya thelathini na moja watu walikuwa wanautazama juu ya paa la bandari, mwembamba kama ukucha, na redio ikasema haujaonekana, na wanaodai kuuona wafike kituo cha polisi kutoa maelezo. Hakuna aliyefika. Mtu akimuuliza mwenzake leo tarehe ngapi, mwenzake alitazama kwanza nyuma. Mwezi ulikua, ukawa duara, ukaangaza kisiwa kizima, na kwa hesabu ya serikali bado haujazaliwa.

"Mimi macho yangu yana mtoto wa jicho," alisema Bi Msimu, "lakini si serikali nzima."

Bi Kazija akamwita Bwana Mahazi, akamwambia kutoka nyuma ya pazia kwamba Jumamosi ijayo yeye anatoka.

*

Ijumaa Waziri akaja mwenyewe. Jumatano ingefika meli kubwa ya wageni elfu mbili, na kila mmoja wao alikuwa na kitabu.

Akaketi ukumbini chini ya cheti cha marehemu, wapambe wake wamesimama, Bwana Mahazi akiwa na daftari. Waziri hakukalia kiti bila kuhutubia. Alisema taifa limempoteza Fundi Shaame na machozi yake hayajakauka. Alisema miezi minne na siku kumi ni kiwango cha chini kabisa cha huzuni, na taifa lenye hadhi haliwezi kuridhika na kiwango cha chini. Alisema wapo wanaotoa damu kwa ajili ya nchi, na wapo wanaoombwa kukaa tu. Wapambe wakapiga makofi, mtembezaji mmoja kule nje akayasikia, akagonga ukuta mara mbili kwa mazoea, na Bi Msimu akakohoa.

Bi Kazija alingoja kikohozi kitulie.

"Mheshimiwa," alisema, "hizo siku hazikuwekwa na Wizara. Haziongezwi na hazipunguzwi."

"Mwezi haujaandama, bibi."

"Umeandama. Bi Msimu ameuona."

"Bi Msimu si mtumishi wa serikali."

"Mwezi nao si mtumishi wa serikali, mheshimiwa. Kesho natoka."

Waziri hakukasirika, na hilo ndilo lililomfanya Bi Kazija asogee karibu na tundu la pazia atazame. Waziri alikuwa anaukagua mlango, taratibu, maua yake na minyororo yake. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, kizuka hupatikanaje.

"Mume akifa, mheshimiwa," akajibu Bwana Mahazi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejibu.

"Ahaa. Na wewe, Mahazi, unakaa wapi?"

"Mtaa wa pili tu hapo, mheshimiwa. Nyumba ya marehemu baba."

"Ina mlango wa nakshi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kazi ya huyu huyu Fundi Shaame, Mungu amrehemu."

"Umeoa?"

"Nimeoa, mheshimiwa. Zulekha."

"Mwenye huzuni?"

"Hapana, mheshimiwa. Mcheshi sana."

"Atajifunza," Waziri akasema, akainuka.

Bwana Mahazi aliyaandika yote daftarini, swali kwa jibu. Alipokuwa anatoka alimnong'oneza Bi Kazija kupitia pazia kwamba amuombee dua. Mheshimiwa hajawahi kumuuliza mambo ya nyumbani, na mtu haulizwi hivyo ila anapokaribia kupandishwa cheo.

Bi Kazija alikaa na tasbihi mkononi, haizungushi.

*

Jumamosi alfajiri alioga, akavaa kanga aliyonunuliwa na mumewe Idi iliyopita, akatoka kwa mlango wake mwenyewe na Bi Msimu akimshika mkono. Askari wawili walikuwa pale. Hawakumzuia. Waliagizwa kumzuia asitoke siku ya kumi na sita ya Mfunguo Nane, na Mfunguo Nane kwa agizo ulikuwa haujaanza, kwa hiyo aliyepita mbele yao hakuwa anatoka.

Makaburini hapakuwa na watu. Akalikuta kaburi la Fundi Shaame, mchanga umeshakaa, akaketi kichwani pake, akamsomea Yasini mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya chini. Alisoma kwa moyo, bila msahafu. Alipofika mwisho akaomba dua, akaushika mchanga, akasema naye maneno ambayo si ya kuandikwa. Ikawa nadhiri imetimia.

Alipoinua macho aliona, hatua kumi kutoka hapo, wachimbaji wawili wanalimaliza kaburi jipya. Bwana Mahazi amesimama ukingoni na ubao wa fomu.

Akamwamkia, akamuuliza nani amekufa.

"Bado, bibi," alisema Bwana Mahazi. "Ni maandalizi. Jina la marehemu litajazwa Jumatano."

Wachimbaji hawakuwa na futi ya kupimia. Mmoja akaeleza kwamba wameagizwa wapime kwa afisa mwenyewe, kwa kuwa kimo ni kimoja. Bwana Mahazi akavua viatu, akavipanga pembeni, akampa Bi Msimu kalamu zake tatu amshikie, akateremka. Akajilaza ndani ya mwanandani, pale maiti alazwapo, ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla. Akakaa kidogo. Sauti yake ikatoka chini ya ardhi, tulivu kabisa, ikisema panatosha, ila miguuni pangeongezwa kidogo.

Bi Msimu alikuwa na kikohozi cha kweli hapo, akakimeza.

Bwana Mahazi alipopanda juu, mchanga kichwani, Bi Kazija alimfuata mpaka alipoketi kuvaa viatu. Akamwambia waziwazi. Akamkumbusha maswali ya Ijumaa, moja baada ya jingine: mlango, mke, huzuni.

"Nakuelewa, bibi," alisema, akifunga kamba. "Lakini hili ni la mtu mwingine. Langu lingekuja na barua."

"Mwanangu, ondoka. Mchukue mkeo mwende shamba."

"Kwa ruhusa ya nani? Na Jumatano kuna meli." Akacheka kwa upole, kama anayemfariji mgonjwa.

Bi Kazija akamtazama yule mtu, akaona hatamtoa ndani ya fomu yake hata kwa kamba. Akamfikiria Zulekha na bakuli la uji. Eda yake imekwisha kwa Mungu, hilo alilijua kama alivyolijua jina lake. Lakini kukaa ndani kwa ajili ya jirani si eda. Mtu anaweza kuitoa nafsi yake sadaka, na sadaka haina tarehe.

"Mwambie Waziri narudi," akasema. "Nitakaa nyuma ya pazia mpaka wachoke wao. Ila kaburi hili lifukiwe."

Uso wa Bwana Mahazi ukang'aa. Akatoa fomu nyingine. "Niandike kwa hiari, bibi?"

"Andika."

*

Redio ilitangaza jioni ile ile kwamba mwezi umeonekana.

Jumatano asubuhi honi ya meli ililia mara tatu, na kabla jua halijapanda mtaa ulikuwa umejaa kofia na kamera. Bi Kazija alikuwa ndani na nguo zake nyeupe. Zulekha akapenya kati ya wageni na bakuli lake, akaingia akicheka, akasema mzungu mmoja amempiga picha akidhani ndiye kizuka, naye amemtolea ulimi.

Bi Kazija akauliza kaburi limefukiwa?

"Kaburi gani? Ah, lile alilojilaza mume wangu? Mpaka leo ana mchanga masikioni." Zulekha akakoroga uji. "Halikufukiwa, bibi. Waziri amesema nguvu kazi ya taifa haitupwi. Limetiwa kitabuni, wameligandishia karatasi ukurasa wa mwisho. Namba ishirini. Kaburi la Mtumishi Mwema."

Bi Kazija akaweka kijiko chini. Sheria aliijua, ilikuwa imebandikwa nje pale, upande wa kushoto wa mlango wake. Kikiwepo kisikae kitupu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Atakuwa ameshatoka. Si jana kaletewa barua?" Zulekha akajipangusa mikono, fahari ikimtoka usoni. "Wizara imetambua mchango wake. Anakwenda kuchukua cheti cha shukrani. Kapiga pasi shati mara mbili. Wamesema na kahawa itakuwepo."

Bi Kazija alikitazama cheti cha Fundi Shaame kwenye msumari wake. Akainuka. Akalivuta pazia likatoka lote na fimbo yake, akapita ukumbini, akafungua pande zote mbili za mlango akatoka nje.

Mtaa mzima ukapiga makofi. Mtembezaji akapaza sauti kwamba leo wageni wana bahati, kizuka hajawahi kutoka tangu karne na karne. Bi Kazija alisukuma, wakamfungulia njia ya hatua mbili, wakaifunga tena ili wampige picha wakiwa naye. Aliita. Aliita jina la Mahazi kwa nguvu zake zote, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti mtaani, na kila alipoita makofi yalizidi, na mtembezaji akawaeleza kwamba hiyo ndiyo sauti ya maombolezo ya asili.

Juu ya kofia zao aliweza kuona mwisho wa mtaa, ngazi za Wizara, na mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi anafuta viatu kwenye jamvi. Makofi yakamfikia. Akageuka, akaona watu wote wale wameelekea upande wake, na Bi Kazija katikati yao amenyoosha mikono.

Bwana Mahazi akatabasamu. Akaipunga barua yake juu ili bibi aione, kisha akashikiwa mlango, akaingia.